Kuhama na Watoto Wadogo kwa Ajili ya Kazi



Katika mkoa wa Mara si jambo geni kumwona kijana wa Butiama au wa vijiji vya Bunda akifunga mizigo yake kwenda Musoma, Mwanza au Dar es Salaam kwa kuwa amepata kazi. Mara nyingi kijana huyo ana mke na watoto wawili au watatu, na aliye mdogo kabisa bado yumo mgongoni mwa mama yake. Barua ya kazi huja na jina la mtu mmoja, lakini inayohama ni nyumba nzima. Hapo ndipo penye asili ya matatizo mengi, na hilo ndilo somo letu la leo.

Kwa ndugu aliyeingia katika imani karibuni, jambo hili lina uzito zaidi. Pengine jamaa zake walisikitika alipobadili dini. Sasa anaondoka kijijini, nao waweza kudhani kwamba amewatupa kabisa. Hivyo yampasa ajue mapema namna ya kuhama bila kubomoa yale anayoyaacha, na bila kuwatesa wale anaowachukua.

KUHAMA SI AIBU

Yafaa tufahamu kwanza kwamba kutoka kwenda kutafuta riziki ya halali ni jambo jema. Kurani Tukufu katika sura ya Al-Jumua inawafundisha waaminio kwamba Sala ikiisha watawanyike katika ardhi, watafute fadhila za Mwenyezi Mungu. Basi baba anayetoka ili watoto wake wapate chakula na elimu hafanyi jambo la kidunia tu. Nia yake ikiwa safi, jasho lake limo katika ibada. Lakini nia safi haiondoi wajibu wa kufikiri. Mtu aweza kuwa na nia njema kabisa, na bado akawaingiza watoto wake katika shida iliyoweza kuepukwa kwa siku mbili za mashauri.

SHAURI LA WAWILI

Katika sura ya Al-Baqara Mwenyezi Mungu anataja jambo ambalo wengi huliona dogo, yaani kumwachisha mtoto ziwa. Hata hilo, baba na mama wameelekezwa walifanye kwa kuridhiana na kushauriana. Sasa tazama, ndugu msomaji: ikiwa kumwachisha mtoto ziwa kwahitaji shauri la wazazi wote wawili, je, kumwachisha nyumba, bibi, mashamba na wenziwe wa kucheza nao hakuhitaji shauri kubwa zaidi?

Kisa cha Bibi Hajira chatupa funzo hili waziwazi. Nabii Ibrahimu a.s. alipomleta yeye na mwanawe mchanga Ismaili katika bonde la Makka lisilokuwa na mmea wala mtu, na kumwachia tende kidogo na maji, Bibi Hajira hakunyamaza. Alimfuata mumewe akamwuliza kama Mwenyezi Mungu ndiye aliyemwamuru hayo. Alipojibiwa kwamba ndivyo, alirudi kwa mwanawe kwa moyo uliotulia. Aliuliza kwanza, kisha akaridhika. Na maji yalipokwisha hakuketi kungoja, bali alikwenda mbio mara saba kati ya Safa na Marwa, mpaka Mwenyezi Mungu akawafungulia Zamzam. Mke anayeuliza maswali juu ya safari si mpinzani wa mumewe. Mara nyingi mke aliyejibiwa vizuri ndiye atakayekuwa wa kwanza kukimbia siku ya shida.

HESABU YA NYUMBA

Wengi hulinganisha mapato ya kijijini na mshahara wa mjini, wakaona mshahara ni mkubwa mno. Hesabu hiyo ina upungufu. Kijijini, unga watoka katika mihogo, mtama au mahindi ya shamba lako. Kuni zaokotwa. Nyumba ni yako. Mama akienda shambani, mtoto hubaki na bibi yake. Mjini, kila kimoja cha hivyo kina bei: unga, mkaa, maji, na kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi hutaka ilipwe ya miezi kadhaa kwa pamoja kabla hujaingiza kitanda. Na bibi hayupo. Ama mama hataweza kufanya kazi yoyote, ama itabidi alipwe mtu wa kumtazama mtoto. Andikeni haya yote katika karatasi, kisha yatoeni katika mshahara. Kinachobaki ndicho mshahara wenu wa kweli.

Tazama pia mkataba. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na miongoni mwake ni mahali alipoajiriwa, mahali pa kazi, saa za kazi na mshahara. Usiyapuuze hayo maneno "mahali alipoajiriwa". Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mkataba ukikoma mahali pasipo pale mtu alipoajiriwa, mwajiri anapaswa kumsafirisha yeye na vitu vyake mpaka huko, au amlipe gharama za safari hiyo. Basi kama uliajiriwa ungali Bunda, nawe ukakubali iandikwe kwamba uliajiriwa Dar es Salaam, huenda siku ya kurudi ukajikuta na mke, watoto na vyombo, bila nauli. Soma kabla ya kutia sahihi. Kurani Tukufu yenyewe imehimiza mapatano ya deni yaandikwe. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba kudai maandishi ni kukosa imani.

NANI ATANGULIE?

Wengine husema, "Nitatangulia peke yangu, wao watafuata." Neno hili si baya. Mwaka 622 Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. alihama Makka pamoja na Seyidna Abubakar r.a., na jamaa zao wakabaki nyuma. Lakini tazama lililofuata. Hata kabla nyumba yake ya Madina haijawa na starehe yoyote, alimtuma Zaidi bin Haritha pamoja na Abu Rafi warudi Makka kuwachukua jamaa zake. Wanahistoria wameandika kwamba aliwapa ngamia wawili na dirhamu 500 kwa safari hiyo. Kutangulia kwake kulikuwa na mwisho uliojulikana, na njia ya kuwafikisha jamaa ilitafutwa mapema.

Tofauti yake na desturi ya siku hizi ni kubwa. Mtu huondoka Butiama akisema, "Nitawaita mambo yakinyooka." Mambo hayanyooki haraka. Mwaka wapita, wa pili wapita, mtoto amjua baba yake kwa sauti ya simu tu, na fedha zinazotumwa hupungua kidogo kidogo. Kwa hiyo anayetangulia na aweke tarehe pamoja na mkewe, tuseme miezi mitatu au sita, na kila mwezi aweke kando sehemu ya nauli na kodi. Tarehe ikifika na hali bado ni ngumu, wakae tena washauriane, ama kuongeza muda, ama baba arudi. Kisichofaa ni kuacha jambo likiwa halina mwisho.

MFANO WA NYUMBANI KWETU

Hapa Mara tunao mfano ambao kila mtu aujua kwa jina, ingawa wachache huutazama kama habari ya familia changa. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Mkristo Mkatoliki, nasi twamtaja kwa kuwa mtu mwadilifu hufundisha hata asiye wa dini yake. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na mwaka 1934 alitoka kwao kuingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa maili 26 hivi. Baada ya masomo ya Tabora, Makerere na Edinburgh, alimwoa Bibi Maria Gabriel mwezi Januari 1953, na mwaka huo huo akaenda kufundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam, mbali sana na Ziwa Nyanza.

Mwezi Machi 1955, baada ya kwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, aliacha kazi ya ualimu, kwani haikupatana tena na kazi ya siasa. Alikwenda wapi? Alirudi Butiama pamoja na familia yake. Huko alifanya kazi ya tafsiri na kumfundisha Kizanaki padre mmoja wa Kimarekani. Mwezi Oktoba mwaka huo alikwenda tena Dar es Salaam kwa kazi ya TANU, na baadaye familia ikakaa Magomeni, ambako Mama Maria aliendesha duka dogo la mafuta ya taa ili kuongeza pato la nyumba.

Yapo hapa mafunzo mawili. Kwanza, kurudi nyumbani si kushindwa. Yeye alikuwa na shahada ya Edinburgh, na bado Butiama palimpokea katika miezi ya upungufu, kwa kuwa hakuwa amepakata. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Usiuze shamba na nyumba yako yote kwa ajili ya kazi ambayo hujaijaribu. Pili, nyumba ile haikusimama juu ya mshahara wa mtu mmoja tu. Mke alikuwa na shughuli yake. Kabla ya kuhama, ulizaneni: mama atafanya nini huko? Aliyekuwa na shamba na kuku Butiama, akifungiwa katika chumba kimoja cha Nyasho au Bweri bila kazi wala mtu wa kuzungumza naye, atadhoofika rohoni, na watoto watadhoofika pamoja naye.

SOKO NA JIRANI

Wahajiri walipofika Madina, Mtukufu Mtume s.a.w. aliwaunga udugu na wenyeji wao. Abdurrahman bin Auf r.a. aliunganishwa na Saad bin Rabii r.a., naye Saad akamtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akataka aonyeshwe njia ya sokoni. Siku ile ile alianza biashara ya samli na jibini. Mwenyeji alitoa kwa moyo mkunjufu, na mgeni hakutaka kuwa mzigo. Ukifikia kwa ndugu yako Musoma, kumbuka kisa hiki: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Katika wiki ya kwanza, baba na mama waende wote wawili kujitambulisha kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa majirani wa pande zote. Musoma utamkuta Mkwaya, Mjita, Mkurya, Mluo na Mzanaki katika uwanja mmoja. Usitafute wa kabila lako peke yao, wala usingoje jirani awe wa dini yako ndipo umsalimu. Mtoto akishikwa na homa saa nane ya usiku, atakayekuja kwanza ni yule mliyetenganishwa naye kwa ukuta.

HAKI ZA WATOTO

Chukueni kadi za kliniki za walio chini ya miaka mitano, ili chanjo zisikatike. Ombeni barua ya uhamisho shuleni kabla ya kuondoka, na ikiwezekana hameni wakati wa likizo. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare na madaftari vyahitaji fedha, basi vitieni katika hesabu. Tena mtoto aliyekulia mbali na ziwa huyaona maji ya Nyanza kuwa mchezo. Kando ya ziwa kuna kichocho, ambacho mtu hukipata kwa kuingia majini tu, hata asinywe. Mfundisheni asioge wala kucheza pwani, na muulize kituo cha afya habari za dawa.

KUUNGA UDUGU

Mwisho, usikate udugu. Wazee uliowaacha wana haki kwako, wawe wamekubali imani yako au hawajakubali. Wapelekee salamu na kidogo ulichonacho, na watoto wakawaone wakati wa likizo. Huenda heshima yako ukiwa mbali ikawaambia juu ya dini yako mambo ambayo hawakutaka kuyasikia ulipokuwa karibu.

Mwenyezi Mungu awalinde wote wanaosafiri na watoto wao kutafuta riziki ya halali, awape majirani wema, na aziweke nyumba zao katika mapenzi. Amin.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Bibi Hajira alimwuliza mumewe swali gani, na swali hilo lafundisha nini juu ya mashauri ya nyumba?
2. Taja vitu vitano vyenye bei mjini ambavyo kijijini huvinunui.
3. Anayetangulia peke yake yampasa aweke mambo gani mawili kabla ya kuondoka?
4. Kwa nini kurudi nyumbani kwa muda si kushindwa?