Kupima Kelele za Bolomita ya Elektroni Moto: Linda Hali ya Kazi ya Kifaa

Mwaka 2019 wanaastronomia walitangaza kwamba wameiona angani ioni ya heliamu haidraidi, molekuli inayoaminika kuwa ya kwanza kuumbika ulimwengu ulipoanza kupoa. Waliiona katika nebula ya NGC 7027, kwenye masafa ya terahezi 2.01, kwa kipokezi kiitwacho GREAT kilichofungwa katika ndege ya SOFIA. Mvuke wa maji hewani humeza mawimbi ya aina hii kabla hayajatufikia huku chini, ndiyo maana ndege hiyo ilipaa kiasi cha kilomita 13 ili kuyapata.

Moyo wa kipokezi cha namna hiyo ni miksa ya bolomita ya elektroni moto: kidaraja cha naiobiamu naitraidi chenye unene wa nanomita 3 hadi 5 tu, kilichokaa katikati ya antena ndogo. Kikipoozwa huwa superkondakta, yaani hupitisha umeme bila ukinzani. Mawimbi kutoka angani yakikutana humo na mawimbi ya osileta, yaani chanzo cha mawimbi cha kipokezi chenyewe, elektroni hupata moto na kupoa kwa kufuata tofauti ya masafa hayo mawili. Tofauti hiyo ni gigahezi chache, na amplifaya za kawaida zinaimudu.

Makala haya yanamlenga mwanafunzi au fundi wa maabara aliyekabidhiwa miksa hii apime kelele zake. Katika kazi nzima shika jambo moja: hali ya kazi ya kifaa, yaani volteji, mkondo na joto lake, isibadilike tangu mwanzo wa kipimo hadi mwisho. Hatua zote zifuatazo zinalinda jambo hilo.

1. Kilinde na umeme tuli

Kidaraja chenyewe kina urefu wa sehemu ya mikromita na upana usiozidi mikromita chache. Cheche ya kidoleni ambayo wewe hata huihisi inatosha kukiunguza, na maji yakimwagika hayazoleki. Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi. Acha ncha za kifaa zikiwa zimeunganishwa pamoja mpaka nyaya zote zifungwe, na hakikisha chanzo cha umeme kiko sifuri kabla ya kuunganisha au kutenganisha chochote. Usipime ukinzani kwa mita ya kawaida ya fundi umeme, kwa sababu mkondo wake unaweza kuwa mkubwa mno. Tumia mkondo wa mikroampea moja au pungufu.

2. Kijue kifaa chako kabla ya kuwasha osileta

Punguza joto polepole huku ukiandika ukinzani. Utando mwembamba wa naiobiamu naitraidi kwa kawaida hugeuka superkondakta kwenye kelvini 9 hadi 10 hivi. Ukifika karibu na kelvini 4, chora mchoro wa mkondo dhidi ya volteji bila mawimbi yoyote na uandike mkondo wa juu kabisa ambao kifaa hubeba kabla ya ukinzani kurudi. Uhifadhi mchoro huo. Siku kipimo kitakapokukanganya, urudie na ulinganishe: ukiona mkondo ule umeshuka, kidaraja kimedhurika, au hakipoi sawasawa.

3. Ongeza mawimbi ya osileta kidogo kidogo

Kifaa kidogo huhitaji kumeza nguvu ya nanowati mia chache tu. Anza na nguvu kidogo, uongeze taratibu kwa kuzungusha gridi ya nyaya. Mwanzoni mchoro utakuwa na mruko mkali, na ukiweka volteji ndogo kifaa kitatetereka kwa kurukaruka kati ya hali mbili. Endelea mpaka mruko upotee na mchoro uwe laini. Mara nyingi mahali pazuri pa kufanyia kazi ni kati ya milivolti 0.5 na 1, mkondo ukiwa makumi machache ya mikroampea. Usiridhike na nukta moja. Zunguka jirani yake na uchague penye kelele ndogo na utulivu.

4. Pima kwa moto na baridi

Weka mbele ya kipokezi kifyonza mawimbi chenye joto la chumba, kelvini 295, kisha kingine kilicholowa nitrojeni kimiminika, kelvini 77. Viwe vikubwa kiasi cha kuziba mwali wote wa antena. Vaa glavu na miwani, na ufungue madirisha: nitrojeni inayochemka hufukuza oksijeni chumbani bila harufu wala dalili.

Gawanya nguvu inayotoka wakati wa moto kwa ile ya wakati wa baridi. Jibu huitwa Y. Kisha chukua 295, toa Y mara 77, ugawanye kwa Y kutoa 1, upate joto la kelele, yaani kiasi cha kelele za kipokezi kikielezwa kwa kelvini. Y ikiwa 1.25, joto la kelele ni kelvini 795. Y ikishuka hadi 1.23, jibu linapanda hadi kelvini 871. Kosa la 0.02 tu limeleta tofauti ya kelvini 76, kwa hiyo usiamini kipimo cha mara moja. Badilisha moto na baridi mara nyingi, haraka haraka, kisha utafute wastani.

5. Epuka mtego wa mwanga wa pembeni

Hapa ndipo wengi hupotoka. Kifyonza cha moto hutoa mawimbi ya masafa mengi sana, na antena pana huyameza hata yale usiyoyapima. Antena inayopokea upana wa terahezi 2 hupata nanowati 6 za ziada unapotoka baridi kwenda moto. Osileta yenyewe ikiwa nanowati 200, hizo ni asilimia 3, nazo zinatosha kusogeza hali ya kazi. Utaona mkondo ukishuka kila unapoweka cha moto, na mara nyingi Y nayo hushuka, ukadhani kifaa ni kibovu kuliko kilivyo.

Dawa ni mbili. Funga kichujio kinachopitisha masafa unayoyataka peke yake: upana ukiwa terahezi 0.2, zile nanowati 6 huwa 0.6. Au rekebisha osileta kila unapobadilisha, mpaka mkondo urudi palepale.

6. Tuliza mazingira

Mtikisiko wa mashine ya kupooza, upepo wa feni na mvuke wa maji kwenye njia ya mwali huyumbisha nguvu ya osileta, na kifaa hukisikia kila kimoja. Fupisha njia, ifunike, uijaze nitrojeni kavu au uitie ndani ya ombwe. Penye uwezo, weka kidhibiti kinachosoma mkondo wa kifaa na kurekebisha nguvu ya osileta chenyewe.

7. Andika yote

Joto la kelele peke yake halina maana. Andika pamoja nalo volteji, mkondo, joto la kifaa, masafa, aina ya kichujio, na ulinganishe na kiwango cha kwantamu, yaani kipimo cha kelele kitokanacho na maumbile yenyewe, ambacho ni kelvini 48 kwa kila terahezi. Kwenye mstari wa kaboni, yaani masafa ambayo kaboni ya angani hutoa mawimbi, terahezi 1.9, kiwango hicho ni kelvini 91. Basi kelvini 795 ni karibu mara tisa yake.

Puto la GUSTO, lililorushwa Antaktika tarehe 31 Desemba 2023, lilibeba miksa za aina hii kupima nitrojeni, kaboni na oksijeni katika mawingu ya gesi yanayozaa nyota. Kifaa kilichokwisha kupaa hakirekebishwi kwa bisibisi. Kila kosa lililovumiliwa maabarani hupanda nacho, kwa hiyo pima hapa chini, rudia, na usisaini namba ambayo mwenzako hawezi kuipata tena kwa kufuata daftari lako.