Anachukia sauti ya kutafuna

Swali: Mdogo wangu, tunaishi naye hapa Biharamulo, akisikia mtu anatafuna hasira humpanda hadi anaacha chakula. Wengine wanasema ana majini. Ni ugonjwa? Mbona redioni hausemwi?

Jibu: Huenda ni misofonia, jina lililotolewa mwaka 2001 na Margaret na Pawel Jastreboff wa Marekani. Haimo kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani. Nadhani ndiyo maana wanahabari huipita, au huigeuza kichekesho, jambo linaloniudhi. Radio Kwizera ya Ngara, iliyozaliwa 1995 kuhudumia wakimbizi, ingefaa kumwalika mtaalamu. Kwa sasa msimlazimishe kuvumilia: akae pembeni kidogo, redio ilie taratibu wakati wa kula, na akapimwe masikio hospitalini.