Ushindani Usimuumize Farasi

SWALI: Je, mbio ndefu za farasi zinaweza kuwa na ushindani mkali bila kumtesa mnyama?

JIBU: Zinaweza, mradi heshima imfuate farasi aliyefika akiwa mzima. Katika Tevis Cup ya California, iliyoanza mwaka 1955, wapandaji hupita maili 100 za milima ndani ya saa 24. Mshindi ana kombe lake, lakini lipo jingine, Haggin Cup, ambalo hupewa farasi mwenye afya bora kati ya kumi wa kwanza kufika.

Wapo wasemao madaktari wa mifugo wanatosha. Kweli, kwenye kituo cha ukaguzi njiani daktari humfinya farasi ngozi. Ikichelewa kurudi, maji yamepungua mwilini. Lakini kati ya kituo na kituo, mwamuzi ni mpandaji peke yake. Mwaka 2015 shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, lilisimamisha shirikisho la mchezo huo la Umoja wa Falme za Kiarabu kwa sababu ya ustawi wa farasi, ingawa vituo vya ukaguzi vilikuwapo. Kasi ikitukuzwa kuliko yote, ukaguzi huzidiwa.

Basi, mpandaji, farasi akianza kuchechemea, shuka papo hapo, usimngoje daktari.