SOMO: KUNUNUA KAMERA YA FILAMU ILIYOTUMIKA

Sokoni Bisil hatununui ng'ombe bila kumtazama meno. Lakini kamera tuliinunua kwa akiba ya kikundi kwa sababu iling'aa tu. Filamu ya kwanza ikarudi na mistari ya mwanga kwa picha zote 36. Basi tujifunze.

Chagua kamera ya mkono. Pentax K1000, iliyotengenezwa toka 1976 hadi 1997, ni mfano mzuri. Betri yake ni ya kupima mwanga tu. Ikiisha, kamera bado yapiga.

Kabla ya kutoa pesa:

1. Fungua mlango wa nyuma. Sponji nyeusi ya pembeni ikinata au kumeguka, mwanga utaingia. Hubadilishwa, kwa hiyo omba upunguziwe.

2. Mlango ukiwa wazi, vuta mkono wa filamu, weka namba 1, bonyeza. Pazia likae wazi sekunde moja. Kisha jaribu 1000: lifunge mara moja. Likikwama, rudisha.

3. Mulika lenzi kwa tochi. Vumbi kidogo si neno. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, achana nayo.

4. Uliza filamu itanunuliwa na kusafishwa wapi, kwa bei gani.

Asiende mtu mmoja. Waende watatu, mweka hazina akiwemo, na risiti isomwe mkutanoni.

Maswali ya kujadili: Je, simu tulizo nazo hazitoshi? Kamera itatuletea faida gani? Ikiharibika, nani atalipa?