Baada ya Kupandikizwa Uloto: Hatari Zina Kalenda Yake

Mwishoni mwa 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza uloto kwa wagonjwa wa saratani ya damu. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikaanza kuwapandikiza watoto wenye selimundu. Kwa familia za Nyasho, Musoma, habari hii si ya mbali, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye selimundu kwa wingi.

Upandikizaji huponya, ila una madhara yake. Mengi kati ya hayo hufuata kalenda. Mzazi anayejua mtoto wake yuko siku ya ngapi tangu apandikizwe, anajua pia cha kuangalia siku hiyo.

Kabla ya safari: maswali ya daktari

Utabiri huanza kabla ya upandikizaji. Swali la kwanza ni nani anatoa uloto. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kikamilifu na mgonjwa. Ulinganifu ukipungua, hatari huongezeka. Ndugu mwenye kurithi selimundu upande mmoja tu, yaani asiyeugua, anaweza kutoa.

Umri nao una uzito. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulifuatilia watu 1,000 wenye selimundu waliopata uloto wa ndugu anayelingana nao. Baada ya miaka 5, takribani 93 kati ya kila 100 walikuwa hai, na waliopandikizwa wakiwa wadogo walifanya vizuri zaidi.

Daktari atauliza pia mtoto ameongezewa damu mara ngapi. Damu nyingi huacha madini ya chuma kwenye ini, na huweza kuufundisha mwili kukataa uloto wa mtu mwingine. Kwa watu wazima hutumika pia mfumo wa alama uliotolewa Seattle, Marekani, mwaka 2005, unaohesabu magonjwa mengine aliyo nayo mgonjwa: ya moyo, mapafu, ini, figo, kisukari na kadhalika. Sifuri ni hatari ndogo, 1 hadi 2 ni ya kati, 3 na kuendelea ni kubwa. Alama hizo huonyesha hali ya kundi la wagonjwa. Hazimwambii mtu mmoja yatakayompata.

Kwa hiyo nenda na kadi zote za kliniki, hata zilizochakaa. Taja dawa za miti shamba alizowahi kutumia. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Siku 0 hadi 30

Siku ya kuingiziwa uloto huitwa siku ya sifuri. Kwa wiki 2 hadi 4 mtoto karibu hana kinga, kwani dawa kali zimeufuta uloto wa zamani na mpya haujashika. Bakteria na fangasi hupata mwanya. Madaktari hupima damu kila siku, wakingoja chembechembe nyeupe za kupambana na bakteria zifike 500 katika kila mikrolita ya damu kwa siku 3 mfululizo. Hapo husema uloto umeshika.

Katika wiki hizo uzito hupimwa kila siku. Ukipanda ghafla, tumbo likajaa na kuuma upande wa kulia chini ya mbavu, macho yakawa ya njano, huenda mishipa midogo ya ini imeziba.

Siku 30 hadi 100

Uloto mpya unaweza kuuona mwili wa mtoto kama mgeni na kuushambulia. Dalili ziko sehemu tatu: ngozi, utumbo na ini. Tazama upele kwenye viganja, nyayo na nyuma ya masikio. Hesabu mara anazoharisha. Tazama weupe wa macho kwenye mwanga wa jua.

Dawa za kuzuia shambulio hilo huweza kupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Kichwa kikimuuma sana, akaona ukungu au akashikwa degedege, ni dharura. Siku ya kupima kiwango cha dawa kwenye damu, dozi ya asubuhi hunywewa baada ya kutolewa damu. Wataalamu hutaka mgonjwa asikae mbali na hospitali katika siku hizi 100, hivyo panga mapema mahali pa kuishi.

Baada ya siku 100, Nyasho

Nunua kipimajoto na daftari. Mstari mmoja kwa siku unatosha: «Jumanne. Asubuhi 36.8, jioni 37.4. Kilo 21.3. Choo mara 4, majimaji. Upele hakuna.» Ukipiga simu kwa timu ya upandikizaji, soma mstari huo.

Mtaani kwetu mtoto akichemka wengi hukimbilia duka la dawa kununua dawa ya malaria. Kwa mtoto huyu usifanye hivyo. Joto likifika 38, usimpe panadoli kwanza, maana hushusha joto na kuficha tatizo. Mpeleke hospitali mara moja, hata usiku wa manane. Malaria ipimwe, lakini hata ikionekana, sababu nyingine zitafutwe pia. Mwambie daktari: «Huyu amepandikizwa uloto, anatumia dawa za kushusha kinga.» Katika Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere, Kwangwa, au Bugando, Mwanza, omba wawasiliane na timu iliyompandikiza, hasa kabla ya kumwongezea damu, kwa sababu damu yake inaweza kuhitaji kupigwa mionzi kwanza.

Maziwa yachemshwe, na mgando uliotengenezwa kwa maziwa mabichi aachane nao. Maji ya ziwa asiyanywe wala asiyaoge. Karanga zenye ukungu zitupwe. Balungi aliache, kwa kuwa huvuruga kiwango cha dawa.

Chanjo za utotoni huanza upya, kwa kawaida kati ya miezi 6 na mwaka mmoja tangu apandikizwe. Ya surua husubiri hadi miaka 2, na dawa za kushusha kinga ziwe zimeachwa. Wahudumu wa matone ya polio wakipita nyumba kwa nyumba, waeleze hali yake kabla hata wadogo zake hawajapewa.

Macho makavu, vidonda vya kinywani, ngozi kukaza au pumzi kuwa fupi vinaweza kujitokeza miezi mingi baadaye. Usisubiri tarehe ya kliniki.

Kabla ya kuondoka Dodoma au Dar es Salaam, hakikisha una karatasi yenye namba ya simu ya timu, majina ya dawa na dozi, na tarehe ya siku ya sifuri. Toa nakala moja uiache nyumbani, na nyingine mpe jirani mwenye gari au bodaboda atakayekubali kuamshwa usiku.