Gari ya Kikundi: Tairi Mbili Nyuma au Nne?

Kikundi kikishachanga pesa miaka mitatu au minne na kukata shauri kununua gari ya kubeba mazao, mabishano huanza. Wengine wanataka pikapu, kama Toyota Hilux au Isuzu D-Max. Wengine wanasema pikapu ni ya mtu na familia yake, kikundi kinafaa Canter. Mara nyingi anayeshinda ni mwenye sauti kubwa, au yule ambaye shemeji yake anauza gari. Somo hili ni la kuwasaidia mbishane vizuri, kwa sababu pesa za kikundi zikishaingia kwa gari isiyofaa, kuzitoa ni kazi.

Tutaangalia sana tairi za nyuma. Pikapu ina tairi moja kila upande. Canter ya kawaida ina mbili mbili zimekaa pamoja kila upande, kwa hivyo gari yote ina sita. Watu huita ya kwanza singo na ya pili dabo, nasi tutaita hivyo. Kuna magari kama Toyota Dyna ambayo hutengenezwa kwa aina zote mbili, kwa hivyo usitosheke na jina la gari. Inama uangalie nyuma.

TAIRI INABEBA KIASI GANI?

Tairi yenyewe inasema. Kwenye ubavu wake mtaona maandishi kama haya: 195R15C 106/104. Zile namba mbili za mwisho ndizo za uzito. Ya kwanza ni ya tairi ikiwa singo, ya pili ni ya tairi hiyo hiyo ikiwa dabo. Namba 106 maana yake ni kilo 950, na 104 ni kilo 900. Sasa fanyeni hesabu. Tairi mbili singo zinabeba kilo 1,900 upande wa nyuma. Tairi nne dabo zinabeba kilo 3,600, wala si 3,800 kama mtu angefikiria.

Mbona tairi ikiwa dabo inapunguziwa? Ni kwa sababu tairi mbili zilizokaa pamoja hazigawani mzigo sawasawa hata siku moja. Barabara imeinama pembeni, kuna jiwe, kuna shimo, na kila mara moja inabeba zaidi ya mwenzake. Pia joto halitoki vizuri katikati yao.

Lakini msikimbilie kusema dabo inabeba mara mbili. Hizo kilo ni pamoja na uzito wa gari yenyewe unaokaa nyuma, na tairi si kitu cha pekee. Kuna springi, kuna chesisi, kuna ekseli, na kuna breki. Tumeona pikapu nyingi zimeongezwa springi kwa fundi ili zisilale nyuma. Kweli hazilali, lakini breki zimebaki zile zile za kiwandani. Mkiteremka Mai Mahiu na viazi vya kupita kiasi, springi haitawasimamishia gari.

HESABU YA MAGUNIA

Kila gari ina uzito wake ikiwa tupu, na uzito wa mwisho unaoruhusiwa ikiwa imejaa. Tafuteni namba hizo mbili kwenye karatasi za gari au kibao kilichopigwa kwenye bodi. Tuseme pikapu mnayoangalia ina uzito tupu wa kilo 1,800, na mwisho wake ni 2,900. Inabaki kilo 1,100. Ondoeni dereva na wapakiaji wawili, kama kilo 210. Mzigo wenu ni kilo 890. Hayo ni magunia 9 ya mahindi ya kilo 90, au magunia 17 ya viazi ya kilo 50. Kwa maziwa ni kama lita 750, kwa sababu lita moja ya maziwa inazidi kilo kidogo, na mikebe nayo ina uzito wake.

Hapo ndipo wanakikundi wengi hushtuka, maana walikuwa wamepanga magunia 20. Na tena kina mama wakirudi sokoni wamezoea kupanda juu ya mzigo. Mbali na hatari ya kuanguka, watu kumi waliokaa juu ni kama kilo 600 au 700, na hakuna aliyewahesabu.

Kama mzigo wenu wa kweli, wa kila wiki na si wa msimu wa mavuno tu, ni chini ya hizo kilo, singo inawatosha na itawapa faida zaidi. Kama ni tani mbili au tatu kila safari, pikapu itakufa mapema. Tafuteni lori ndogo yenye dabo. Kwa maoni yetu, vikundi vingi hununua gari kwa kufikiria wiki mbili za mavuno, kisha miezi iliyobaki wanaendesha gari kubwa tupu. Hizo wiki mbili ni afadhali mkodishe.

BARABARA YENU IKOJE?

Kwa lami na marumu ngumu, dabo imetulia. Nyuma ni pana, gari haiyumbi sana ikiwa na mzigo mrefu kama nyasi au magunia yaliyopangwa juu. Na tairi moja ikipasuka, ile nyingine inawashikilia mpate kusimama salama. Msiendelee na safari na mzigo, maana iliyobaki inabeba kazi ya mbili na itafuata mwenzake.

Kwa matope ni hadithi nyingine. Tairi za singo zinafuata njia iliyokanyagwa na tairi za mbele. Za dabo ni pana kuliko za mbele, kwa hivyo zinakata njia mpya, na injini inafanya kazi zaidi. Udongo mweusi unaonata hujaa katikati ya tairi mbili mpaka zinakuwa kama gurudumu moja la udongo. Na dabo ikiwa tupu, uzito mdogo umegawanywa kwa tairi nne, kwa hivyo inateleza haraka. Kama kwenu mvua ikinyesha hata trekta inalala njiani, pikapu ya singo inayovuta kwa magurudumu yote manne itafika sokoni wakati lori bado linachimbuliwa.

Kwa barabara ya mawe kuna adui mwingine. Jiwe likikwama katikati ya tairi za dabo linakula ubavu wa zote mbili kidogo kidogo. Dereva akishuka, na aangalie hapo, na alitoe kabla ya kuondoka.

KUTUNZA DABO

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo pesa hupotelea.

Tairi mbili za upande mmoja lazima zilingane. Upepo uwe sawa, na urefu wake pia. Mkiweka mpya kando ya iliyoisha, ile mpya ndiyo ndefu, na ndiyo itabeba karibu mzigo wote. Ile nzee inaburutwa tu. Kwa tairi za lori ndogo, kipenyo kisitofautiane zaidi ya milimita 6. Kwa hivyo nunueni mbili mbili. Fundi akiwaambia moja inatosha, mwulizeni hiyo nyingine ataipima na nini.

Tairi ya ndani ndiyo husahaulika. Mdomo wake wa upepo umejificha, mkono haufiki vizuri, na ikipoteza upepo huwezi kuona, kwa sababu ya nje inasimamisha gari. Madereva wengi hugonga kwa fimbo wasikie sauti. Fimbo inatambua tairi iliyokufa. Ile iliyopungukiwa inaipita. Nunueni geji, na mwekeni mirija ya kurefusha mdomo wa tairi ya ndani. Ni vitu vya bei ndogo. Pimeni asubuhi kabla gari haijatembea, tairi zikiwa baridi.

Tena nati. Kwa malori mengi ya Kijapani ya zamani, tairi ya ndani ina nati zake na ya nje ina zake juu yake. Ukikaza za nje tu, za ndani zinaweza kuwa zimelegea usijue. Ni lazima ulegeze ya nje kwanza, ukaze ya ndani, halafu urudishe ya nje, moja baada ya nyingine. Na kwa malori hayo nati za upande wa kushoto hufunguka kinyume. Vijana wenye nguvu wamevunja boliti nyingi kwa kutojua hilo. Tairi ikibadilishwa, kazeni tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

GHARAMA NYINGINE

Tairi sita na spea ni saba. Nne na spea ni tano. Wekeni akiba ya tairi kila mwezi tangu gari inaponunuliwa, msingoje ziishe. Dereva pia si yule yule: leseni ya class B ni ya gari ndogo, na lori ndogo linahitaji C1. Mkileta gari kutoka nje, Kenya hairuhusu iliyozidi miaka minane. Na iandikishwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti, hata kama mwenyekiti ni mtu mzuri.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya mkutano ujao, katibu aandike mizigo yote mliyosafirisha kwa miezi sita iliyopita: kilo ngapi, siku gani, barabara gani, na gari ilirudi na nini. Mhazini aulize bei ya tairi sita na ya tairi nne kwenye maduka mawili. Kisha mjadili haya. Ni safari ngapi zilizidi tani moja? Ni siku ngapi barabara ilikuwa matope? Nani atapima upepo kila asubuhi, na asipopima ataulizwa na nani?