SOMO: MATABISHI NA PESA YA SADAKA

Ya kusoma: Matendo ya Mitume 24:17-27, 1 Samweli 12:1-5, Luka 3:12-14



Somo hili limetoka katika buku ya hesabu ya parokia yetu. Tulituma wajumbe wawili kwenye biro moja ya Leta kufuata karatasi ya kiwanja cha kanisa. Karani aliwarudisha mara tatu. Mara ya nne walimpa faranga, naye akapiga muhuri palepale kwenye barua ya kwanza. Pesa hiyo ilitoka katika nsinsani. Jioni tukaandika katika buku: «Usafiri». Mama mmoja anayesaidia kuhesabu sadaka akauliza: «Baba shemasi, biro ile si tunaiona kutoka hapa?» Sisi wote tukanyamaza.

Tuliona vema tusimjibu mama kwa haraka. Tukaenda kuuliza watu wenye elimu.

Wa kwanza ni mwalimu wa sheria. Alituonyesha kwamba Sheria namba 05/006 ya tarehe 29 Machi 2005, ile iliyogeuza sheria ya makosa juu ya rushwa, inamhukumu anayepokea na anayetoa. Tukamwambia: «Baba mwalimu, karani huyu hukaa miezi bila mshahara.» Akajibu: «Najua, hata mimi Leta ndiye ananilipa. Lakini ninyi mlimpa mshahara, ao mlinunua muhuri?» Halafu akatufundisha jambo ambalo wengi wetu tulikuwa hatulijui vizuri: deni la Leta huandikwa kwenye karatasi ya malipo, pesa hulipwa benki, na mtu hurudi na hati mkononi. Pesa inayoingia mfukoni mwa karani haijafika kwa Leta.

Wa pili ni mchungaji anayefundisha teolojia. Mzee mmoja wetu alimkabili akisema kwamba tangu mababu, mtu haendi kwa mkubwa mikono mitupu. Hata Sauli alitafuta kitu cha kumpelekea mwonaji (1 Samweli 9:7-8). Mchungaji hakukataa. Alisema tu kwamba Samweli huyo huyo, alipozeeka, alisimama mbele ya Israeli yote akauliza ni nani aliyempa rushwa, na hakuna aliyejitokeza. Zawadi ya mababu ilitolewa mbele ya watu, kila mtu akaiona. Matabishi hutolewa nyuma ya mlango. (Na neno lenyewe si la mababu: limetoka kwa Wareno, matabicho, maana yake kuua mdudu, yaani kinywaji kidogo cha asubuhi. Mdudu huyo hafi.)

Kisha akatufungulia Matendo 24, na hapo tulikaa muda mrefu. Wengi tunajua kwamba liwali Feliki alitumaini kupewa pesa na Paulo. Lakini tumesoma mstari wa 17? Paulo mwenyewe alisema mbele ya Feliki kwamba alikuja kuleta sadaka kwa taifa lake. Feliki alisikia neno hilo. Mchungaji anafikiri kwamba tangu siku ile jicho lake lilikuwa juu ya pesa ya makanisa, ile ya Makedonia na Akaya. Na sheria ya Roma ilikwisha kukataza maliwali kunyang'anya watu, tangu sheria ya Yulio Kaisari ya mwaka 59 mbele ya Kristo. Paulo hakutoa kitu. Akakaa kifungoni miaka miwili.

Tukamkumbuka Papa Simon Kimbangu, aliyekamatwa Septemba 1921 na kufa kifungoni Elisabethville tarehe 12 Oktoba 1951. Hatusemi kwamba aliombwa pesa. Tunasema kwamba kanisa lililozaliwa katika kungoja miaka 30 haliwezi kulia kwa sababu ya kurudishwa mara tatu.

Tukauliza tena: na mama anayeshikwa na uchungu wa kuzaa, muuguzi akidai pesa kwanza? Mchungaji akasema mtu aliyekabwa koo ameibiwa, hakununua kitu. Sisi hatukukabwa, tulichoka tu. Wenzetu wawili hawajakubali neno hilo mpaka leo, wanasema ni wepesi kuwatofautisha ukiwa umekaa kwenye kiti. Tunawaachia nafasi ya kusema katika mafunzo ya Alhamisi.

Siku ya Mungu iliyofuata tulifuta «Usafiri» kwa wino mwekundu, tukaandika: «Matabishi kwa karani, kosa la mashemasi», tukasoma mbele ya parokia. Pesa ya nsinsani tumeirudisha kutoka mifuko yetu. Ya mmoja wetu bado nusu.

Barua ya pili ingali mezani kwa karani yuleyule. Juma lijalo wajumbe watarudi kuomba karatasi ya malipo ya benki. Mama yule ataenda pamoja nao, kwa miguu, na buku mkononi.